Wavu wa Kunasa Kansa Katika Damu: Umefikia Wapi?



Katika mikutano tuliyoketi nanyi miezi iliyopita, swali moja limerudi mara nyingi kuliko hata yale ya mbegu na mikopo. Ni hili: je, ni kweli kwamba siku hizi kansa inaonekana kwa kupima damu tu, na ya kwamba kipimo hicho kimekuwa cha bei rahisi? Wengine wenu mlisikia redioni. Wengine mliletewa habari na watu wanaozunguka sokoni na mashine ndogo, ile ukiishika mkononi dakika moja inatoa karatasi yenye magonjwa yako yote, kansa ikiwemo. Kikundi kimoja cha akina mama kilitoa pesa ya merry-go-round ya mwezi mzima ili wanachama wote wapimwe namna hiyo. Sita waliambiwa wana dalili za kansa, wakauziwa dawa ya chupa papo hapo.

Tutajibu kwa urefu kidogo, maana jibu lenyewe si ndiyo wala si la. Mashine ya kushika mkononi haioni kansa, hilo tulimalize sasa. Lakini kunasa chembe za kansa kutoka kwenye damu ni kazi ya kweli, watu wenye elimu wanaifanya, na vifaa vyake vinazidi kuwa rahisi. Tukielewa kazi hiyo vizuri, mdanganyifu atapata shida kutuuzia kitu.

CHEMBE ZINAZOSAFIRI

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe hujua wakati wa kuongezeka na wakati wa kuacha. Kansa, au saratani, ni chembe zilizokataa amri hiyo. Huongezeka tu, zikafanya uvimbe. Uvimbe ukishapata mishipa yake ya damu, chembe nyingine hujing'oa na kuingia katika damu kama mbegu iliyoangukia mtoni. Nyingi hufa humo ndani. Chache hufika mbali, kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, na huko zikaota tena. Ndiyo sababu mama aliyeugua titi anaweza kurudi hospitali akilia mgongo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1869 daktari mmoja huko Australia, Thomas Ashworth, alichunguza damu ya mtu aliyekufa kwa kansa akaona ndani yake chembe zilizofanana na zile za uvimbe wenyewe. Miaka 20 baadaye, 1889, Mwingereza Stephen Paget alisoma habari za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi. Aliona kwamba haienei ovyo ovyo, bali hupenda viungo fulani. Akasema ni kama mbegu na udongo: mbegu husambaa kila upande, lakini humea pale tu udongo unapoikubali. Mkulima hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tutenganishe kitu kimoja hapa kwa sababu kinachanganya watu. Kuna kansa ya damu yenyewe, ambapo chembe za damu ndizo zilizoharibika. Hiyo huanza kugunduliwa kwa kuhesabu chembe za damu, kipimo ambacho hospitali nyingi wanacho. Tunayozungumzia leo ni kansa ya titi, ya utumbo, ya tezi dume na nyinginezo ambazo makao yake si damu, ila zinapita humo safarini.

HARAGWE MOJA KWENYE MAGUNIA

Basi kama zinapita kwenye damu, kwa nini tusizishike tu? Tatizo ni uchache wake. Mililita moja ya damu, ambayo ni sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai, ina chembe nyekundu karibu bilioni 5, na chembe nyeupe kati ya milioni 4 na milioni 11. Za kansa, hata kwa mtu ambaye ugonjwa umeshatawanyika, mara nyingi ni moja, au mbili, au hakuna. Tumepiga hesabu hapa ofisini kwa njia ya kijijini. Gunia la kilo 90 lina punje za mahindi kama laki mbili na nusu hivi. Kutafuta chembe moja ya kansa kati ya hizo nyekundu za mililita moja ni kama kutafuta haragwe moja katika magunia 20,000.

Kwa hiyo tone la kidole halitoshi. Kipimo kinachojulikana zaidi cha kazi hii huchukua mililita 7.5, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, na kwa mgonjwa wa kansa ya titi iliyoenea, kupata chembe 5 au zaidi humo kunahesabiwa kuwa nyingi. Mililita 7.5 ni karibu matone 150. Chembe 5 katika matone 150: ukichukua tone moja tu, karibu hakika umechukua lisilo na kitu. Hivyo mtu akikuchoma kidole akakwambia huna kansa, au unayo, kwa sababu ametazama tone hilo, umwombe akupigie hesabu hii.

Msifikiri kwamba wanaodanganywa ni watu wa vijijini peke yao. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo Theranos iliyoahidi kupima magonjwa chungu nzima kwa damu kidogo ya kidole. Matajiri wakubwa waliiwekea mamilioni ya dola. Mwaka 2015 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba mashine zake hazifanyi kazi kama ilivyosemwa, na mwaka 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alipatikana na hatia ya kuwalaghai waliotoa pesa, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kumbe hata wenye suti huuziwa.

KUSHIKA NA KUCHEKECHA

Nyavu za kunasa chembe hizi ni za namna mbili. Ya kwanza hushika, ya pili huchekecha.

Wavu wa kushika hufanya kazi hivi. Chembe za kansa za titi, utumbo na tezi dume mara nyingi huwa na alama fulani juu ya ngozi yake ambayo chembe za damu hazina. Tuseme ni kama kifungo cha shati. Wataalamu hutengeneza kingamwili, vitu vidogo ambavyo hukishika kifungo hicho na kuachana na vingine. Katika kipimo kiitwacho CellSearch, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2004, kingamwili hizo hupakwa kwenye vumbi la chuma laini mno. Vumbi huchanganywa na damu, likashikamana na chembe za kansa, kisha sumaku huwekwa pembeni. Kinachovutwa na sumaku hutiwa rangi na kuangaliwa. Ni sawa na fundi anayepitisha sumaku kwenye vumbi la karakana ili kuokota misumari.

Mwaka 2007 wataalamu wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walileta njia nyingine. Walichukua kipande cha ule mgando mgumu unaotumika ndani ya simu na kompyuta, wakakichonga nguzo ndogo 78,000, zote zimepakwa kingamwili. Damu ikipita polepole katikati ya nguzo, chembe za kansa hugusana nazo na kubaki. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini kuchonga nguzo kama hizo kunataka chumba kisicho na vumbi hata chembe, na mashine za mamilioni.

Wavu wa kuchekecha hauulizi kifungo, unauliza ukubwa tu. Chembe nyingi za kansa ni kubwa na ngumu kuliko za damu. Mwaka 2000 watafiti wa Paris walitumia karatasi ya plastiki yenye mashimo ya upana wa elfu 8 za milimita moja, karibu moja ya kumi ya unene wa unywele. Chembe nyekundu zinakaribia upana huo, lakini ni bapa na laini, hujikunja zikapita. Zile kubwa hubaki juu, kama changarawe kwenye chekeche la mchanga wa ujenzi.

Kila wavu una kasoro yake. Wa kushika hukosa chembe zilizopoteza kifungo, na zipo, hasa zile zilizozoea kusafiri. Wa kuchekecha hupoteza chembe ndogo, na pia hubakisha chembe nyeupe ambazo huziba mashimo. Mwenye kuwaambia wavu wake haukosi kitu ni mfanyabiashara.

VITU VYA BEI NAFUU

Sasa tufike kwenye jambo linalotufurahisha sisi kama watu wa maendeleo. Sehemu kubwa ya gharama haikuwa katika wazo, ilikuwa katika kitu cha kutengenezea. Basi watafiti walianza kutafuta vitu rahisi.

Kimoja ni mpira wa silikoni, ndugu wa ile gundi nyeupe ya kuziba kando ya sinki na madirisha. Huja kama asali nzito. Unaumwaga juu ya kalibu, unaupasha moto kidogo, unaganda, unaubandua ukiwa na mifereji midogo iliyochapwa ndani yake. Akina mama wanaotengeneza mishumaa ya kanisa na vijana wanaofyatua matofali ya udongo na saruji watalielewa hili upesi kuliko mwanafunzi wa chuo: kalibu moja ya ghali, vipande mia vya rahisi. Hospitali ile ile ya Boston, mwaka 2010, iliacha nguzo za kuchonga ikatumia mpira huu uliobandikwa kwenye kioo cha maabara, huku mifereji yake ikiwa na michoro kama mifupa ya samaki. Michoro hiyo huizungusha damu ili chembe zigonge kuta zenye kingamwili. Faida nyingine ni kwamba kioo na mpira vinapitisha mwanga, kwa hiyo unaweza kuangalia kilichonaswa bila kukitoa.

Na hiyo kalibu je? Mwaka 2008 mama mmoja mwalimu wa chuo kikuu huko California, Michelle Khine, hakuwa na ile karakana ya bei ya mamilioni. Alichukua plastiki ya kuchezea watoto, ile ambayo ukiichora na kuitia kwenye joto husinyaa ikawa ndogo na nene. Alichapa mifereji juu yake kwa printa ya kawaida ya ofisi, akaiweka katika kijiko cha umeme cha kuchomea mkate. Plastiki ilisinyaa, wino ukainuka, ikawa kalibu. Si kwa kansa peke yake, ni kwa vifaa vya maabara vya namna nyingi. Sisi tunamtaja kwa sababu mara nyingi vikundi hutuambia hawawezi kuanza mpaka mfadhili alete mashine.

Mwingine ni Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto wetu wote wanajua kuponda kifuniko cha soda, kukitoboa matundu mawili, kupitisha uzi na kukivuta mpaka kivume. Yeye na wenzake mwaka 2017 walionyesha kwamba mchezo huo huo, ukitengenezwa kwa karatasi na uzi, huzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika, na ukifungiwa mrija mwembamba wa damu hutenganisha chembe na maji ya damu kwa dakika moja na nusu. Bei yake ilikuwa senti 20 za Marekani. Haunasi kansa, hilo lieleweke. Lakini kutenganisha damu ni hatua inayohitajika katika vipimo vingi, na hapo awali ilitaka mashine na stima.

BEI YA WAVU SI BEI YA KIPIMO

Hapa ndipo tunapowaomba msome polepole. Tuseme wavu wenyewe umekuwa wa shilingi hamsini. Bado kuna kingamwili, ambazo huagizwa kutoka nje na lazima zikae kwenye baridi tangu kiwandani. Kuna rangi za kutambulisha chembe. Kuna chupa maalum ya damu, maana katika chupa ya kawaida chembe za kansa huanza kuharibika baada ya saa chache, na matatu kutoka kwetu hadi mjini mnaijua. Kuna hadubini, ile darubini ya maabara, yenye mwanga wake maalum. Na juu ya yote kuna mtu aliyefundishwa kuangalia na kusema hii ni ya kansa, hii ni ya kawaida. Wataalamu hao ni wachache hapa nchini, na hawapatikani kwa kalibu.

Halafu tuulize kipimo kinasema nini kikishafanywa. Utafiti uliosababisha CellSearch kukubaliwa mwaka 2004 uliwafuata wanawake 177 ambao tayari walijulikana wana kansa ya titi iliyoenea. Waliokuwa na chembe 5 au zaidi, nusu yao walikuwa wamefariki katika miezi kama 10. Waliokuwa na chache waliishi zaidi, wengi wao kupita miezi 18. Kwa hiyo kipimo kinamwambia daktari ugonjwa una kasi gani. Hakikuundwa kumwambia mtu mzima anayelima shambani kama ana kansa au hana. Kansa ikiwa changa, chembe kwenye damu ni chache mno na wavu huweza kurudi mtupu ingawa uvimbe upo.

Tena kuna jambo la kusikitisha kidogo. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti mwingine Marekani wa wanawake ambao chembe zao hazikupungua baada ya dawa ya kwanza. Baadhi walibadilishiwa dawa mapema kwa sababu ya kipimo hicho. Hawakuishi zaidi ya wale walioendelea kama kawaida. Kujua ni kitu kimoja, kuwa na dawa ya kufaa ni kingine. Hata Marekani kwenyewe, kunasa chembe kwenye damu hakujawa kipimo cha kutafuta kansa kwa mtu asiye na dalili.

Wazee wanaume watauliza, na ile PSA? Hiyo ni damu kweli, na inafaa, lakini haitafuti chembe. Inapima kitu kinachotolewa na tezi dume, na hupanda hata kwa uvimbe usio kansa au maambukizi. Ikipanda ni sababu ya kuchunguzwa zaidi, si hukumu.

TULICHO NACHO KARIBU

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba Wakenya zaidi ya 42,000 walipata kansa, na zaidi ya 27,000 walikufa kwayo. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Sisi tunaona kipimo cha bei nafuu kilichotangulia vyote tayari kiko, na kinaitwa siki.

Muuguzi hupaka siki nyepesi, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja na kuangalia kwa taa. Mahali palipoanza kubadilika huwa peupe. Huko Mumbai, India, wanawake 150,000 walifuatwa kwa miaka mingi kuanzia 1998, nusu wakipimwa kwa siki na wahudumu wa afya waliofundishwa wiki nne tu, si madaktari. Matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha vifo vya kansa ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 31 katika waliopimwa. Wavu wa damu wa bei yoyote haujafanya hivyo. Hapa Kenya wanaolengwa zaidi ni wanawake wa miaka 25 hadi 49, na anayeishi na virusi vya ukimwi huambiwa arudi mapema zaidi. Msijipake siki ya jikoni nyumbani: kinachopima ni jicho lililofundishwa, siki ni msaidizi tu. Na kama kituo chenu kina kile kipimo kipya cha virusi vya HPV, kichukueni, ni kizuri zaidi.

Uvimbe kwenye titi, kidonda kisichopona, chakula kinachokwama kooni, damu inayotoka isipotarajiwa: hivi havihitaji mtu wa sokoni. Vinahitaji daktari, na mara nyingi daktari atataka kukata kinyama kidogo kikapimwe. Hapa watu wetu wengi hukimbia kwa sababu wamesikia kwamba kansa ikiguswa na kisu husambaa. Tumekwisha sema kwamba chembe huingia kwenye damu zenyewe, bila kisu. Bila kinyama hicho hakuna anayejua ni kansa gani, na bila kujua ni gani hakuna dawa inayoweza kuchaguliwa.

Kinyama chenyewe kina mambo yake. Pengine familia huambiwa wakipeleke maabara mjini wenyewe. Kiwe ndani ya chupa yenye dawa ya formalini waliyoitia hospitalini, si maji, wala spiriti, wala kufungwa kwenye pamba. Jina na tarehe viandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko ambacho kinaweza kubadilishana na kingine. Msiifungue njiani. Ulizeni majibu yatakuwa tayari siku gani, mtayachukulia wapi, na ni gharama ipi italipwa na SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua mahali pa NHIF, kabla ya kuitisha harambee. Majibu yakitoka, tengenezeni nakala mbili, moja ikae kwa katibu wa kikundi. Tumeona mgonjwa akikatwa mara ya pili kwa sababu karatasi ya kwanza ilipotea.

Vikundi vinavyotaka muuguzi aje kuzungumza nao juu ya kipimo cha siki waandike kupitia parokia zao, wakitaja siku ya mkutano na idadi ya wanachama. Kikundi kile cha akina mama tuliokitaja kimeshaandika.